Shemeji Anataka Kung'oa Hita za Usiku: Je, Nimruhusu?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salamu, na pole kwa kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu. Tunaishi Leicester, katika fleti tuliyoinunua mimi na mume wangu, ghorofa ya pili ya jengo la miaka ya 1970 lisilo na gesi. Joto letu lote linatoka kwenye hita tatu za umeme za zamani, zile nene zenye matofali ndani, ambazo hujaza joto usiku umeme unapokuwa wa bei nafuu na kulitoa mchana. Kubwa iko sebuleni, ya kati iko kwenye korido, na ndogo iko chumbani kwa watoto.

Kila Oktoba tunapoziwasha, nyumba nzima hunuka vumbi linaloungua. Alfajiri joto huwa kali kiasi cha kufungua madirisha, lakini watoto wakirudi shule matofali yamekwisha kupoa, na jioni tunakaa sebuleni na makoti. Ile ya korido haipati moto kabisa tangu Februari, na swichi yake ya ukutani imegeuka rangi ya kahawia pembeni.

Mdogo wa mume wangu alikuwa fundi umeme Mwanza kwa miaka mingi kabla ya kuja huku. Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, alifungua swichi hiyo, akaweka tesita, nayo haikuwaka. Akatuambia kwamba hita na waya wake vimekufa, na kwamba Jumamosi ijayo atazing'oa zote tatu kwa siku moja na kutundika hita bapa za ukutani ambazo mume wangu amekwisha kuziagiza mtandaoni. Anasema ataziunganisha na nyaya zilezile za zamani, au kama hazifai atazitia plagi za kawaida. Mume wangu amekubali, maana tutaokoa mamia ya pauni za fundi.

Mimi nasita. Mwenzangu kazini ameniambia kwamba huku kuna kanuni za nyaya, na kwamba kazi isiyo na cheti inaweza kutusumbua siku tukitaka kuuza. Sitaki kumvunjia shemeji heshima, wala sitaki kuwahatarisha watoto. Je, kazi hii inaruhusiwa? Ni salama? Na hizo hita bapa zitatupunguzia bili kweli?

Mwenye Wasiwasi, Leicester

JIBU

Dada yangu,

Mwombe mumeo aahirishe kazi ya Jumamosi, na umwombe leo hii, kwa sababu ya jambo moja ulilolitaja kwa kupita tu: tesita ya shemeji haikuwaka. Yeye alilielewa jambo hilo kama fundi yeyote wa Mwanza angelielewa, kwamba waya hauna umeme. Katika nyumba yenye hita za namna hii, tesita kutowaka mchana ni hali ya kawaida, na haithibitishi lolote kuhusu usalama wa waya huo.

Hita zenu huenda zinalishwa kwa mpango wa bei mbili unaoitwa Economy 7, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1978 ili umeme wa usiku, ambao wateja wake ni wachache, uuzwe kwa bei ya chini. Kwa kawaida nyumba ya namna hiyo huwa na masanduku mawili ya fyuzi karibu na mita. Moja lina umeme saa zote 24, nalo hulisha taa, soketi na jiko. Jingine hupata umeme kwa saa saba tu, mara nyingi kuanzia kama saa sita na nusu usiku hadi saa moja na nusu asubuhi, ingawa saa zenyewe hutofautiana kwa eneo na kwa mita, na ndilo linalolisha hita na, mara nyingi, tangi la maji moto. Swichi ya saa iliyo kwenye mita au kando yake ndiyo inayolifungulia na kulifungia umeme sanduku hilo la pili. Kwa hiyo waya uliokuwa kimya kabisa baada ya chakula cha mchana utapata volti 230 usiku wa manane bila mtu yeyote kugusa kitu. Fundi akiukata waya huo mchana na kuiacha ncha yake wazi ukutani ili aje kuimalizia kesho, mtoto anayepita kwenye korido usiku kwenda msalani ataikuta ina umeme.

Ndiyo maana fundi anayezijua hita hizi haanzi na tesita. Huanza kwa kulitafuta sanduku la umeme wa usiku, huzima breka au huondoa fyuzi ya hita anayoishughulikia, huifunga kwa kufuli na kuweka kibandiko ili mwingine asiiwashe, na ndipo anapopima. Tena huijaribu tesita yake kwenye waya anaojua una umeme kabla ya kupima na baada ya kupima, ili awe na hakika kwamba ukimya haukutokana na tesita mbovu. Baadhi ya hita zina njia mbili za umeme, ya usiku kwa ajili ya matofali na ya saa 24 kwa ajili ya feni au joto la nyongeza, na hapo kuzima moja huiacha nyingine ikiwa hai ndani ya boksi lilelile.

Kabla sijaendelea, kuna kazi yako ya leo. Ukahawia wa ile swichi mara nyingi maana yake ni kwamba mahali fulani ndani yake waya umelegea, na umeme ukipita penye kulegea hutoa joto linalounguza plastiki. Hita kutopata moto hakumaanishi kwamba swichi yake haina umeme usiku. Kabla ya kulala nenda kwenye sanduku la umeme wa usiku, uzime breka ya hita hiyo, na uiache hivyo hadi fundi aje. Kama maandishi ya sanduku hayasomeki na hujui ipi ni ipi, zima sanduku zima la usiku, hata kama itabidi mvumilie baridi na maji ya kuchemsha kwa birika kwa siku mbili tatu.

Hatari nyingine iko katika hita zenyewe. Hita kubwa ya zamani, kama ile ya sebuleni, kwa kawaida ni ya kilowati 3.4. Ikijaza kwa saa saba inaweza kuhifadhi karibu uniti 24 za umeme katika hali ya joto, na joto hilo halitoki kwa sababu umezima swichi. Ni lazima ikae angalau siku nzima imezimwa, na ni bora siku mbili, kabla kifuniko hakijafunguliwa. Ikiwa na matofali yake yote inaweza kuzidi kilo 100, kwa hiyo haiinuliwi nzima. Matofali hutolewa moja moja na kushushwa ngazi kidogo kidogo. Tena, jengo lenu ni la miaka ya 1970, nami nataka mwaka wa hita hizo ujulikane, kwa sababu baadhi ya zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka hiyo zina asbesto ndani, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu miaka mingi baadaye. Piga picha ya kibati chenye namba ya modeli, mara nyingi kiko ubavuni au chini, kisha umuulize mtengenezaji au kaunsili, yaani halmashauri ya jiji lenu. Hadi upate jibu, mtu asizifungue.

Sasa nije kwenye swali lako la sheria. Kanuni za nyaya za Uingereza zinajulikana kwa namba BS 7671; zilizopo ni za toleo la 18, lililotoka mwaka 2018 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Zenyewe ni kiwango cha kitaalamu, si sheria ya Bunge, lakini Sehemu P ya Kanuni za Ujenzi, inayotumika kwa nyumba za kuishi za England na Wales tangu mwaka 2005, ni sheria, nayo inadai kazi ya umeme ifanywe kwa usalama. Na njia inayotambulika ya kutimiza hilo ni kufuata BS 7671. (Scotland wana utaratibu wao, kwa hiyo ushauri wa ndugu aliyeko Glasgow hautakufaa moja kwa moja.) Kwa England, tangu mwaka 2013, kubadilisha hita kwa hita ya namna ileile kwenye waya uleule si kazi inayolazimu kuarifiwa mamlaka. Lakini kuvuta njia mpya ya umeme kutoka kwenye sanduku, kubadilisha sanduku lenyewe, au kuongeza kitu karibu na bafu au shawa ni lazima kuarifiwe: ama ifanywe na fundi aliyesajiliwa na chombo kama NICEIC au NAPIT, ambaye hujithibitishia kazi yake mwenyewe, ama uiarifu ofisi ya udhibiti wa ujenzi ya kaunsili kabla ya kuanza, ulipe ada, na kazi ikaguliwe.

Kwa hiyo shemeji hatendi kosa kwa kugusa waya tu. Shida ni kwamba kazi aliyoipanga haiwezi kubaki katika yale yasiyolazimu kuarifiwa, kwa sababu hakuna kati ya njia zake mbili inayofaa.

Njia ya kwanza ni kuunga hita bapa kwenye nyaya za zamani. Nyaya hizo zina umeme usiku tu. Hita bapa haina matofali ya kuhifadhi chochote, kwa hiyo itawaka mmelala, itazima asubuhi, na saa kumi jioni, watoto wanapoingia na mabegi yao, itakuwa baridi kama ukuta. Wako watu waliolipia kazi hii na kuligundua hilo siku ya pili.

Njia ya pili ni kutia plagi. Hita bapa ya kilowati 2 huvuta kama ampea 8.7. Tatu kwa pamoja huvuta 26. Katika fleti nyingi soketi zote ziko kwenye njia moja ya ampea 32, na birika la kilowati 3 huongeza 13, jumla 39, kabla hujawasha mashine ya kufulia. Sanduku likiwa na breka za kisasa, linaweza kukata umeme mzigo huo ukidumu. Likiwa na fyuzi za zamani za kufunga kwa waya, ambazo huvumilia mzigo uliozidi kwa muda mrefu, nyaya zitakuwa zinapata moto ndani ya ukuta bila nyinyi kujua. Hita za kupasha nyumba nzima zinastahili kila moja njia yake kutoka kwenye sanduku, na swichi yake ukutani inayokata waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja.

Na bili? Hapa nasema kwa mkazo, kwa kuwa matangazo ya hita bapa yamewapotosha watu wetu wengi. Hita yoyote inayotumia waya wa kuchemka, iwe bapa, ya mafuta, ya seramiki au ya matofali, hugeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto. Hakuna inayotoa zaidi. Inayotofautiana ni bei ya uniti hiyo kwa saa inayotumika, na kama joto linatoka wakati unalihitaji. Katika Economy 7 bei ya mchana huwa juu kuliko bei ya mteja wa kawaida mwenye bei moja. Hiyo ndiyo gharama ya unafuu wa usiku. Ukizing'oa hita za usiku, ukaweka bapa, na ukabaki kwenye mpango uleule, utakuwa umehamisha matumizi yako makubwa kuliko yote kutoka bei ya chini kwenda bei ya juu. Hata ukihamia mpango wa bei moja, fleti ambayo watu wamo tangu saa kumi jioni hadi usiku, katika jengo la zama zile lisilo na kinga nzuri ya joto, haielekei kupata nafuu. Mashine za kuhamisha joto kutoka nje, ambazo hutoa karibu uniti tatu za joto kwa moja ya umeme, ndizo pekee zinazovunja hesabu hii, lakini kwa fleti ya ghorofani zinahitaji mahali pa kufunga boksi la nje na ruhusa ya mmiliki wa jengo.

Kwa hali yenu mimi ningebadilisha kwa hita za kuhifadhi joto za kisasa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2018 hita za namna hii zinazoingizwa sokoni hubanwa na masharti ya matumizi bora ya nishati, kwa hiyo zina thamostati ya elektroniki na saa ya wiki nzima, hupima zenyewe kiasi cha kujaza usiku, zimezungushiwa kinga nzuri ili joto lisivuje mapema, na nyingi zina feni inayolisukuma nje saa mnayoitaka. Lakini nyingi kati yao huhitaji umeme wa aina mbili, wa usiku kwa matofali na wa saa 24 kwa feni na vidhibiti. Ukutani kwenu, kama hita zenu ni za aina rahisi, upo wa usiku tu. Kuvuta huo wa saa 24 ni njia mpya, na njia mpya ni kazi ya kuarifiwa. Hapo ndipo mnapomhitaji fundi aliyesajiliwa, hata kama shemeji anaweza kuivuta kwa macho yaliyofumbwa.

Fundi huyo aanze kwa ukaguzi wa nyumba nzima, si kwa kuchagua hita. Kwanza ahesabu mzigo. Hita hizi huwaka zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo katika hesabu hazipewi punguzo lolote kama lile linalopewa jiko. Chukua mfano wa kilowati 3.4 sebuleni, 2.55 kwenye korido, 1.7 chumbani na 3 za tangi la maji: ni kilowati 10.65, yaani kama ampea 46, na fyuzi kuu ya nyumba inaweza kuwa ya 60, 80 au 100. Fyuzi hiyo ni mali ya kampuni ya mtandao wa umeme na mita ni mali ya msambazaji wako, yaani kampuni inayokutumia bili. Lakiri zake zisikatwe na mtu wa familia kwa sababu yoyote. Pili, aangalie waya wa ethi na viungo vyake kwenye mabomba ya maji, na kama nyaya zilizofukiwa ukutani kwa kina kisichofika milimita 50 zinalindwa na RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme mara moja unapovuja. Sanduku jipya likihitajika, liwe la chuma au kitu kingine kisichoungua. Ndiyo kanuni ya nyumba za kuishi tangu Januari 2016.

Kabla ya kununua chochote, mpigie simu msambazaji wako kuhusu mita. Mita nyingi za zamani zilikuwa zikiwashwa na kuzimwa kwa ishara ya redio iliyobebwa na mawimbi marefu ya BBC, kilohezi 198, na katikati ya mwaka 2025 huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu. Ukiona kando ya mita kiboksi kilichoandikwa Radio Teleswitch, omba mita ya kisasa, na sema wazi kwamba una hita za usiku, ili waje na mita inayoweza kuendesha sanduku la pili. Mita isiyofaa ikifungwa, hita zitabaki bila umeme, au zitajaza mchana kwa bei kubwa. Katika simu hiyohiyo uliza kama kuna msaada wa gharama kwa familia kama yenu, kisha uwaulize kaunsili pia. Mipango ipo, na masharti yake hubadilika.

Wakati mnasubiri, mnaweza kupunguza ile baridi ya jioni bila kutumia senti. Hita zako zina vifundo viwili juu, kimoja Input na kingine Output. Input huamua umeme kiasi gani uingie usiku, Output hufungua mlango wa joto. Nyumba inayofungua madirisha alfajiri kwa joto mara nyingi ni nyumba ambayo Output imeachwa wazi usiku kucha. Igeuze hadi chini kabisa kabla ya kulala, iache hivyo mkiwa kazini na shuleni, na uifungue watoto wanaporudi. Input iinue usiku unaotangulia siku ya baridi kali, uishushe siku za vuguvugu. Na nguo zisianikwe juu ya hita hata siku moja. Tundu za juu zikizibwa, joto hurudi ndani, na nguo yenyewe inaweza kushika moto.

Kuhusu shemeji, usimwambie kwamba hajui kazi. Umeme wa kwetu na wa huku ni volti 230 uleule, plagi ni zilezile za pini tatu, na mkono wake haujapoteza ufundi. Mwambie kwamba nyumba hii ina sanduku linaloamka usiku, kitu ambacho Mwanza hakihitajiki, na kwamba cheti cha fundi aliyesajiliwa ndicho wakili wa mnunuzi atakachokiomba. Kisha mwombe awepo siku fundi atakapokuja, amsaidie kushusha matofali yaliyopoa, aone njia mbili za umeme zinavyofungwa, na ahakikishe kwamba kila waya wa zamani usiotumika umeondolewa kwenye breka yake na si kufichwa tu nyuma ya bati. Kama anataka kufanya kazi ya umeme nchini humu, awaulize vyuo vya ufundi vya Leicester kuhusu mafunzo ya toleo la 18. Mumeo naye azirudishe zile hita bapa zikiwa bado kwenye maboksi yake, maana kwa bidhaa nyingi zinazonunuliwa mtandaoni huku mteja ana siku 14 tangu azipokee za kusema amebadili nia.

Kazi ikiisha, fundi akupe cheti cha usakinishaji chenye vipimo vya kila njia mpya, na ndani ya siku 30 upate pia cheti cha kufuata Kanuni za Ujenzi kupitia chombo kilichomsajili. Viweke pamoja na hati za fleti. Siku 30 zikipita bila cheti hicho cha pili, kipigie chombo hicho simu wewe mwenyewe, usingoje fundi akukumbuke.